Namna ya Kuisoma Rekodi ya Kimataifa ya Angola katika Mpira wa Kikapu

Anayetaka kuipima timu ya taifa ya wanaume ya Angola aanze na AfroBasket, yaani mashindano ya ubingwa wa Afrika, kwa kuwa huko ndiko ilikojijengea jina: mataji 12, na 11 kati ya hayo ilitwaa kati ya 1989 na 2013. Usiishie kwenye jumla hiyo. Panga miaka kwa mfuatano, nawe utaona kwamba kuanzia 1999 hadi 2009 ilitwaa ubingwa mara sita mfululizo, kisha Tunisia ikaivua taji mwaka 2011. Na baada ya ubingwa wa 2013 ilikaa miaka 12 bila taji hadi ilipoilaza Mali 70–43 katika fainali ya 2025 jijini Luanda.

Matokeo ya Olimpiki na ya Kombe la Dunia yaweke kando, usiyachanganye na ya Afrika, kwani asilimia ya jumla ya ushindi kwa michezo yote huficha mengi kuliko inayoyaonyesha. Hapa ndipo inapofaa kusoma mchezo mmoja mmoja. Katika Olimpiki ya Barcelona ya 1992, wengi wanakumbuka kwamba Marekani iliicharaza Angola 116–48. Wachache wanakumbuka kwamba katika kundi hilohilo Angola iliifunga Hispania, tena mbele ya mashabiki wake, 83–63. Kwa maoni yangu, tokeo hilo la pili ndilo linalopaswa kutajwa kwanza.

Fanya vivyo hivyo kwa mashindano ya dunia ya 2006 nchini Japani. Angola ilifika hatua ya 16 bora na kutolewa na Ufaransa kwa 68–62, lakini kabla ya hapo iliipeleka Ujerumani hadi muda wa nyongeza wa tatu, na ilimbidi Dirk Nowitzki afunge pointi 47 ndipo Wajerumani waponee 108–103. Kwenye jedwali mchezo ule ni kipigo tu.

Michezo ya kufuzu isome kwa tahadhari. Tangu 2017 mechi za kufuzu Kombe la Dunia huchezwa kwa awamu, na zile za Novemba na Februari hufanyika huku NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, ikiendelea, hivyo mchezaji kama Bruno Fernando, Mwangola wa kwanza kucheza katika ligi hiyo, angeweza kukosekana. Kabla ya kuandika kwamba timu imeshuka, tazama kwanza orodha ya waliovaa jezi siku hiyo.