Onyo la Mvua Kubwa Likitoka: Jinsi ya Kulifikisha Mlangoni kwa Jirani

Naishi Mukuru kwa Reuben, Nairobi, kwenye safu za mabati zinazoteremka hadi Mto Ngong. Usiku ule wa mafuriko ya Aprili 2024, wengi mtaani kwetu walikuwa wamesikia habari za mvua kubwa. Redio ilitangaza, simu zikapitisha. Ila walichosikia ni "mvua kubwa nyanda za juu", na hakuna aliyewaeleza kama hapo ni mlangoni pao usiku huo au ni kwingine juma lijalo. Wakalala. Maji yaliwaamsha yakiwa yamefika kwenye godoro.

Tangu hapo mimi ni mmoja wa wanaojitolea kupokea maonyo na kuyapeleka nyumba kwa nyumba. Naandika tunavyofanya ili nawe, uwe Mathare, Kibra au South C, uweze kuanza masika haya.

Hatua ya 1: Lipate onyo lenyewe

Maonyo ya hali ya hewa nchini hutolewa na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, makao yake Dagoretti Corner, barabara ya Ngong. Huwekwa kwenye tovuti ya idara na kurasa zake za mitandao ya kijamii. Fuata kurasa hizo mwenyewe, usingoje kutumiwa. Ujumbe unaozunguka WhatsApp mara nyingi huwa umekatwa tarehe, na nimewahi kuletewa onyo la mwaka uliopita watu wakihangaika nalo kama la jana.

Kabla ya kulipitisha tafuta mambo matano: nambari ya onyo, tarehe lilipotolewa, linaanza lini na kuisha lini, maeneo yanayohusika, na kiwango cha uwezekano. Likikosa tarehe, liache.

Hatua ya 2: Jua Nairobi imeandikwa wapi

Hapa wengi hupotea. Wanatafuta neno "Nairobi", hawalioni upesi, wanafunga simu. Idara huigawa nchi kwa kanda, na sisi tumo katika Nyanda za Juu Mashariki mwa Bonde la Ufa, pamoja na Kiambu, Murang'a, Nyeri na kaunti nyingine za upande huo. Kanda hiyo ikitajwa, umetajwa.

Kisha soma kipimo. Onyo la mvua kubwa kwa kawaida huzungumzia zaidi ya milimita 20 ndani ya saa 24. Ukimwambia jirani "milimita 20" atadhani ni manyunyu. Mwambie hivi: milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja mraba ni lita moja ya maji. Chumba chetu cha futi kumi kwa kumi kina paa la kama mita tisa mraba, kwa hiyo milimita 20 ni lita 180, yaani mitungi tisa ya lita ishirini kutoka paa moja. Ploti ya vyumba ishirini ni mitungi 180, yote ikimwagika kwenye mtaro mmoja ambao pengine umezibwa na karatasi. Watu wakisikia mitungi, huinuka.

Hatua ya 3: Geuza saa kwa uangalifu

Maonyo mengi huandikwa kwa Kiingereza na kwa saa za Kizungu. Anayeona 9 usiku akasoma "saa tisa usiku" amewapotezea watu saa sita. Ni saa tatu usiku. Kosa hili nimelisikia kwa masikio yangu, na lilimkuta mama mmoja bado hajafunga virago.

Jambo la pili ni usiku. Ukisema "usiku wa Jumatano", wazee watafikiri usiku wa kuamkia Jumatano, na vijana watafikiri Jumatano yenyewe jua likishazama. Taja kwa ukamilifu: "usiku wa leo Jumanne, kuamkia Jumatano".

Hatua ya 4: Uliza mvua inanyesha wapi juu yako

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hatua hii ndiyo iliyookoa vitu vingi kwetu.

Maji yanayoingia nyumbani kwangu mara nyingi hayakunyesha juu ya paa langu. Mto Ngong huanzia upande wa Dagoretti ukiitwa Motoine, unapita pembeni mwa msitu wa barabara ya Ngong, unaingia Kibra na Bwawa la Nairobi, ndipo unakuja kupitia Industrial Area hadi kwetu Mukuru. Njia nzima hiyo imejaa lami, saruji na mabati, na maji hayapati udongo wa kuyanywa. Mvua ya muda wa saa moja huko juu inaweza kutufikia sisi tukitazama nyota.

Kwa hiyo tafuta watu wawili au watatu wanaoishi juu ya mto wako. Sisi tuna rafiki mwenye kibanda upande wa Dagoretti na mwingine Kibra karibu na bwawa. Wakati wa onyo hutupigia: "Huku imekuwa nzito tangu saa kumi na moja." Tumeandika kwenye daftari muda ambao maji yalichukua kutufikia kila mara, na sasa tunaujua mto wetu. Usichukue saa za mto wetu ukazipeleka kwenu. Anayekaa kando ya Mto Nairobi awaulize walio Kikuyu, kwenye kinamasi cha Ondiri unakotoka.

Hapo darajani tumechora mistari mitatu ya rangi kwenye nguzo. Maji yakigusa wa kwanza, aliye zamu anaamsha wenzake. Wa pili, filimbi na kugonga mabati. Wa tatu, hakuna kurudi ndani kuchukua chochote.

Hatua ya 5: Tunga ujumbe mfupi, kisha uuseme

Tuma sauti, kwa kuwa si kila shosho anasoma maandishi madogo. Useme mahali, saa na kitendo. Mfano wetu:

"Majirani, hamjambo. Leo ni Jumanne. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa imetoa onyo la mvua kubwa kuanzia leo saa kumi na mbili jioni hadi Alhamisi saa tatu usiku. Walio safu ya mtoni, kutoka darajani hadi kwa kinyozi: watoto, wazee na wajawazito walale juu, ukumbini, kuanzia leo kabla ya giza. Wengine, wekeni vitu juu na mlale na simu yenye chaji. Aliye na mgonjwa asiyeweza kutembea anipigie sasa hivi."

Baada ya kutuma, nenda kwa miguu. Mzee wa Nyumba Kumi anawajua wasio na simu, viziwi, na mama anayeingia kazini usiku akawaacha watoto peke yao. Hao hufikiwa kwanza. Mlangoni usianze na milimita. Anza: "Shosho, shikamoo. Usiku huu maji yanaweza kuja. Nimekuja tubebe godoro lako."

Hatua ya 6: Ndani ya nyumba

Kitambulisho, vyeti vya watoto na dawa za kila siku ziingie kwenye karatasi ya plastiki iliyofungwa, kwenye begi moja mlangoni. Zima swichi kuu kabla maji hayajaingia. Yakishaingia, usiiguse. Nyaya zetu za mtaani zimepita chini na kando ya mabati, na hilo ndilo linalonitisha kuliko mto.

Usivuke maji yanayokimbia. Sentimita 15 zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 huelea nazo gari dogo, na 60 huchukua karibu gari lolote. Mwambie hivyo na mwenye bodaboda anayesema anaijua barabara, maana maji yakishaifunika haoni kama mfuniko wa mtaro bado upo.

Nambari za kupiga ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu wa Kenya 1199. Ziandike ukutani kwa makaa, simu hupotea.

Upepo, radi na theluji

Upepo mkali katika maonyo yetu kwa kawaida ni wa zaidi ya noti 25, kama kilomita 46 kwa saa. Teremsha mawe na matairi uliyowekea paa, kwa kuwa bati likiinuka yanamwangukia aliyelala. Pigilia misumari badala yake.

Radi: ukiona umeme, hesabu sekunde hadi usikie ngurumo. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Sekunde zikiwa chini ya thelathini, ingia ndani, na usitoke hadi nusu saa ipite baada ya ngurumo ya mwisho.

Theluji haituhusu Nairobi, ila wengi tuna ndugu Uingereza wanaotutumia picha za onyo la njano wakiwa na hofu. Kule rangi huwekwa kwa kupima mambo mawili pamoja, uwezekano wa tukio na ukubwa wa madhara yake. Njano inaweza kuwa jambo dogo lenye hakika, au jambo zito lenye uwezekano mdogo. Mwambie asome maelezo chini ya rangi.

Hatua ya 7: Asubuhi yake

Weka kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, mbali na paa, na ulipime kwa rula kila siku saa tatu asubuhi. Andika kilichotabiriwa, kilichonyesha, na mstari uliofikiwa darajani.

Kuna siku mvua haitakuja. Uwezekano mkubwa bado si hakika, na watu watakuwa wamelala ukumbini na watoto wanaokohoa, kisha wataamka kukavu. Usijifiche siku hiyo. Rudi kwenye milango ile ile kabla ya saa mbili, msaidie shosho kurudisha godoro, umweleze wazi: "Jana ilitabiriwa, imepita kando, ila onyo bado lipo hadi kesho saa tatu usiku. Jioni nitakuja tena." Na jioni uende.