Kabla ya Kufungua Pakiti ya Dawa: Mafunzo ya Wafugaji wa Kuku na Kupunguza Usugu wa Vimelea

Mfugaji anapoingia bandani asubuhi na kukuta kuku kadhaa wamezubaa, wameshusha mabawa na wanaharisha, anachokiamua ndani ya saa chache zinazofuata kina uzito mkubwa katika suala la usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Wengi hukimbilia antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, na si kwa uzembe: duka la dawa liko karibu, mtaalamu yuko mbali, na kundi zima ni mtaji ambao unaweza kuteketea kwa siku tatu. Ndiyo maana mafunzo yanayoishia kuwaonya wafugaji wasitumie dawa ovyo hayabadilishi mengi. Mafunzo yenye manufaa ni yale yanayompa mfugaji njia ya kujua anapambana na nini, na yanayomfundisha kuendesha banda kiasi kwamba asubuhi za namna hiyo zinakuwa chache.

Usugu hujengeka kwa hatua zinazoeleweka kwa urahisi. Bakteria kama E. coli, akiwa katika mazingira mazuri, huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Dawa inapotolewa, walio dhaifu hufa, na wachache walio na uwezo wa kuistahimili hubaki, huzaliana, na huweza kuwarithisha uwezo huo hata bakteria wa aina nyingine walio jirani nao tumboni mwa kuku, kwenye maranda au kwenye samadi. Mwaka 2015 watafiti nchini China walitangaza kugundua chembe ya urithi inayosafiri kwa njia hiyo na kuwafanya bakteria wasidhuriwe na antibiotiki iitwayo kolistini, nao waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama mbichi ikiwemo ya kuku, na kwa wagonjwa hospitalini. Kolistini ni miongoni mwa dawa ambazo madaktari wa binadamu huzitunza kwa ajili ya wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwaponya, ilhali mabandani ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula ili mifugo ikue haraka. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu. Si haki kuwabebesha wafugaji wa kuku mzigo wote huo, kwa kuwa matumizi mabaya ya dawa kwa binadamu wenyewe yana sehemu kubwa. Lakini sehemu iliyo mikononi mwa mfugaji ni halisi, na inaweza kupunguzwa.

Mfumo wa mafunzo ninaoupendekeza ni shamba darasa, uliochipukia mwaka 1989 katika mashamba ya mpunga ya Indonesia kwa usaidizi wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na ambao baadaye umetumika pia katika mifugo. Kikundi cha wafugaji wasiozidi 25 hukutana kila wiki kwenye banda la mmoja wao, kuanzia usafi unaofanyika kabla vifaranga hawajafika hadi siku ya kuuza. Kwa kuwa kuku wa nyama huuzwa wakiwa na wiki tano hadi saba, wafugaji huona mzunguko mzima kwa muda mfupi, na kila uamuzi wanaufanya pamoja wakiwa mbele ya kuku, wala si mbele ya ubao.

Somo lenye nguvu kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la visahani vya maabara. Mtaalamu huleta visahani viwili vilivyooteshwa bakteria waliotoka kwa kuku, vikiwa vimefungwa barabara pembezoni ili visifunguliwe, na ndani ya kila kimoja vimepangwa vikaratasi vidogo vya mviringo vilivyoloweshwa dawa tofauti. Katika kisahani cha kwanza kila kikaratasi kimezungukwa na duara safi ambamo hakuna kilichoota. Katika cha pili utando wa kijivu wa bakteria umesonga hadi ukingoni mwa vikaratasi vya dawa zilezile ambazo wafugaji wanazifahamu kwa majina na huzinunua mara kwa mara. Mfugaji aliyeona hivyo huelewa mwenyewe kwa nini dawa aliyokuwa akiitegemea haimsaidii tena, na kwa nini kuongeza dozi au kuchanganya dawa mbili bila ushauri hakutamwokoa.

Baada ya hapo huja suala la kutambua ugonjwa. Mdondo, Gumboro na ndui ya kuku husababishwa na virusi, na hakuna antibiotiki inayoviua. Koksidia wanaosababisha kuhara damu ni vimelea wa kundi jingine lenye dawa zake. Wafugaji wakiongozwa na daktari wa mifugo kumpasua kuku aliyekufa karibuni, huku wakiwa wamevaa glavu na barakoa, wanaweza kuonyeshwa tofauti kwa macho: damu iliyojaa kwenye utumbo kipofu (vifuko viwili vya utumbo visivyo na tundu mwishoni) panapokuwa na koksidia wakali, au utando mzito mweupe uliofunika moyo na ini panapokuwa na maambukizi ya E. coli. Vifo vya ghafla vya kuku wengi kwa pamoja, hata hivyo, si nafasi ya mafunzo. Hapo mizoga isipasuliwe kiholela, na mamlaka ya mifugo ijulishwe mara moja, kwa kuwa huenda ni mafua ya ndege.

Pale ambapo daktari ameagiza antibiotiki, kosa la kawaida ni kupima kwa kijiko kwa kila lita ya maji bila kujua uzito wa kuku. Siku ya joto kuku hunywa maji mengi na kupitiliza dozi. Wakiwa wagonjwa sana hunywa kidogo na kupata dozi pungufu, ambayo huwaua bakteria dhaifu tu na kuwaachia sugu uwanja. Kikundi kifanye hesabu kwa vitendo. Tuseme agizo ni miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito hai kwa siku, na banda lina kuku 500. Wafugaji wakamate kuku 20 bila kuchagua, wawapime na kutafuta wastani; ukiwa kilo 1.2, kundi zima lina kilo 600 na linahitaji miligramu 6,000, na kama kila mililita ya dawa ina miligramu 100, kinachotakiwa ni mililita 60 kwa siku, zichanganywe upya kila siku katika maji ambayo kuku watayamaliza. Siku za dozi zikamilishwe hata kama kuku wamechangamka.

Lebo nayo isomwe kwa makini, kwa sababu baadhi ya pakiti zinazouzwa kama vitamini za kuanzishia vifaranga au za kuongeza mayai zina antibiotiki ndani yake. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu tarehe 1 Januari 2006, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 lilishauri ziachwe kabisa. Lebo hiyohiyo hueleza siku za kusubiri kabla ya kuuza nyama au mayai, na baadhi ya dawa haziruhusiwi kabisa kwa kuku wanaotaga.

Upande wa kinga, chanjo ndiyo inayookoa dawa nyingi zaidi, kwani Gumboro hudhoofisha kinga ya mwili na kufungua mlango kwa bakteria ambao mfugaji atalazimika kuwatibu baadaye. Lakini chanjo iliyopata joto au iliyochanganywa na maji yenye klorini ni pesa iliyotupwa. Ihifadhiwe kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, maji yawekwe unga wa maziwa yasiyo na mafuta kiasi cha gramu 2.5 kwa lita, kuku wakae bila maji kwa saa moja hadi mbili kabla, na chanjo inyweke yote ndani ya saa mbili. Maranda nayo yakaguliwe kila siku kwa kufumbata konzi moja: yakigandamana na kubaki bonge, yameloa kupita kiasi. Mfugaji achuchumae pia hadi kimo cha kuku, kwani macho yakimwasha hapo, hewa ya amonia tayari inaumiza mapafu yao. Viatu vya bandani visitoke nje, na kuku wa rika tofauti wasichanganywe.

Muuzaji wa duka la dawa za mifugo aalikwe kwenye mafunzo hayohayo, kwa kuwa mara nyingi ndiye mshauri wa kwanza na wa pekee. Mfugaji aliyefunzwa akikutana na muuzaji asiyefunzwa, ushauri wa dukani hushinda. Kila mshiriki apewe daftari la kuandika vifo, chakula, maji, chanjo na gramu za antibiotiki zilizotumika, na mwishoni agawanye gramu hizo kwa kilo za kuku aliowauza. Afisa ugani arudi kulinganisha takwimu hiyo pamoja na vifo katika kundi la pili na la tatu, wakati kikundi hakikutani tena kila wiki, maana hapo ndipo huonekana kama matumizi ya dawa yamepungua bila kuku kufa zaidi.