Somo: Kutengeneza HAT6 kutoka katekoli, hatua mbili na usafi wake

HAT6 ni molekuli bapa ya duara. Katikati ina pete nne za benzini zilizoungana, yaani trifenileni, na pembeni mikia sita ya heksiloksi (oksijeni yenye mnyororo wa kaboni sita). Kati ya nyuzi 70 na 100 hivi za Selsiasi huwa fuwele kimiminika: molekuli hupandana kama chapati kwenye sinia, chaji hupita katikati ya rundo, na mikia hutenga rundo moja na jingine. Awamu za aina hii zilitangazwa mwaka 1977 na S. Chandrasekhar na wenzake huko Bangalore, India. Kwa anayeanza, trifenileni ndiyo ya kushika kwanza, maana malighafi si adimu. Kuipata si kazi. Kuipata safi ndiyo kazi.

Fanya yote ndani ya kabati la kuvuta mvuke. Katekoli, yaani benzini yenye OH mbili jirani, hupenya ngozi, na dikloromethani hupita kwenye glavu za nitraili ndani ya dakika chache, kwa hiyo zikilowa zivue hapo hapo.

Hatua ya 1: kuvisha mikia

Kwenye chupa ya mililita 500 weka gramu 11.0 za katekoli (moli 0.10), gramu 55 za potasiamu kabonati kavu iliyosagwa unga, na mililita 200 za kiyeyusho DMF (dimethilifomamidi). Pitisha nitrojeni dakika 20 kabla ya kuwasha moto. Usiliruke hili: katekoli ndani ya besi ikikutana na oksijeni hugeuka lami nyeusi ambayo kuitoa baadaye ni taabu. Ongeza mililita 35 za 1-bromoheksani (moli 0.25), ukoroge kwa nyuzi 80 saa 24.

Kabonati yenye chenga ndiyo hukwamisha wengi, kwani mmenyuko hufanyika juu ya chembe tu na katekoli nyingi hubaki na mkia mmoja. Bahati nzuri, yenye mkia mmoja bado ni fenoli, yaani ina OH moja kwenye pete, na besi huivuta kwenye maji. Chuja, mimina kwenye mililita 600 za maji, vuta kwa heksani mara mbili, kisha osha kwa sodiamu hidroksidi ya 5% mara tatu. Fenoli itaondoka na maji. Kausha kwa magnesiamu salfeti, ondoa heksani, halafu keneka kwenye ombwe. Bromoheksani iliyobaki hutangulia kutoka. Unachotaka ni mafuta yasiyo na rangi. Yakiwa ya kahawia, keneka tena.

Hatua ya 2: kuunganisha tatu kuwa moja

Angalia kwanza feri(III) kloridi yako. Isiyo na maji ni fuwele nyeusi zenye mng'ao wa kijani. Ya manjano iliyoganda mabonge imeshakunywa unyevu wa hewa, na hapa haifai.

Weka gramu 9.7 za feri kloridi (milimoli 60) kwenye mililita 80 za dikloromethani kavu, ongeza matone mawili ya asidi ya sulfuriki nzito, poza chupa kwa barafu kwa nje. Yeyusha gramu 5.57 za mafuta yako (milimoli 20) katika mililita 20 za dikloromethani, uyadondoshe kwa dakika 15. Gesi ya HCl itatoka, kwa hiyo usizibe chupa. Mchanganyiko utakuwa mweusi. Ondoa barafu, koroga saa moja. Ukiuacha sana, klorini huanza kushika kwenye pete, na molekuli yenye klorini ni vigumu mno kuitenga na HAT6.

Kwa nini milimoli za feri kloridi ziwe mara tatu ya zile za mafuta? Molekuli tatu zikiungana hupoteza elektroni sita, na kila feri huchukua moja. Hapo ni mbili kwa kila molekuli. Lakini trifenileni iliyokwisha kuundwa huoksidika kwa urahisi zaidi kuliko malighafi, nayo hutoa elektroni ya saba na kuwa kationi radikali (molekuli yenye chaji chanya na elektroni moja isiyo na mwenzake). Ukipima mbili kamili, malighafi hubaki.

Sasa mahali kazi nyingi huharibikia: kuuzima mmenyuko. Mimina taratibu kwenye mililita 150 za metanoli baridi ya barafu. Metanoli huirudisha ile kationi kuwa molekuli ya kawaida. Weusi hufifia na mashapo meupe-maziwa hujitokeza. Usitumie maji badala yake. Chuja, osha kwa metanoli baridi, pitisha kwenye silika kwa heksani na dikloromethani, kisha fuwelisha kutoka etanoli. Kiwango cha juu kabisa kwa hesabu ni gramu 5.53, ukipata 3.5 hadi 4 zilizo safi, umefanya vizuri.

Kwenye NMR ya hidrojeni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha hidrojeni zilipo kwenye molekuli) utaona kilele kimoja cha pete karibu 7.84 ppm na cha OCH₂ karibu 4.23 ppm.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Yangu imetoka ya kijivu-kijani hata baada ya silika. Ni rangi tu?*

Marahaba. Si rangi tu. Kuna kationi au feri iliyobaki, na vyote huvuruga vipimo vya umeme. Yeyusha kwenye dikloromethani kidogo, mimina tena kwenye metanoli, rudia silika fupi na etanoli. Kisha pima: ikiwa inageuka kimiminika kamili kwenye 95 badala ya karibu 100, bado ina uchafu.

*Naweza kubadili urefu wa mikia?*

Ndiyo, kwa bromidi nyingine. Ya kaboni nne hugeuka kimiminika kwenye 146 hivi, ya tano 122, ya sita 100. Kadiri mkia unavyorefuka, mpangilio huvunjika mapema.

*Inafaa kwa transista?*

HAT6 yenyewe hapana. Wepesi wa chaji ndani yake ni chini ya 0.001 cm²/Vs. Ile yenye salfa badala ya oksijeni ilifikia 0.1 mwaka 1994, kwa sababu marundo yake hujipanga kwa ukamilifu zaidi. Tena mwelekeo ni muhimu: kati ya vioo viwili, ukiipoza polepole (nyuzi 1 kwa dakika), diski hulala sambamba na kioo na marundo husimama. Huo unafaa seli ya jua. Transista inataka marundo yaliyolala, chaji ipite kutoka elektrodi moja hadi nyingine.