Kabla Hujaezua Paa Lako Huku Mtwara

Bajeti iandike kwenye daftari, ukimaliza ongeza theluthi, maana nyumba ya zamani ukiigusa tu inaanza kutoa siri zake. Choo kipya kikamilike kabla cha zamani hakijabomolewa. Ukiongeza chumba, pita manispaa uchukue kibali, usije ukaamka na X nyekundu ukutani. Fundi mlipe kwa hatua, si kwa huruma.

Mchanga uuangalie mwenyewe tripu inaposhushwa. Wa karibu na bahari una chumvi. Weka punje ulimini, usione haya. Chumvi hiyo inakula nondo, na plasta inatoa unga mweupe kisha inabanduka. Shangazi yangu wa Mikindani ana ukuta mmoja aliopiga plasta mara tatu.

Sasa kalenda. Hapa ndipo nilipoungua.

Paa letu la Chikongola tuliliezua mwishoni mwa Septemba. Mabati yalikuwa kutu tupu, kenchi zimeliwa na mchwa, fundi akasema wiki mbili. Siku ya kwanza raha: hadi alasiri mabati yote yako chini, tumekaa sebuleni tunaangalia mawingu. Siku ya sita fundi hakuja. Ya saba pia. Nikampigia, nyuma yake nasikia watu wanacheka na majani makavu yanavunjika.

"Dada, korosho zimeanza kudondoka. Nikiziacha, wataokota wengine."

Yuko kwao Tandahimba. Saidia fundi naye kaenda Newala kwa mama yake. Nimlaumu? Korosho ni ada ya watoto wake ya mwaka mzima. Mimi kwake ni kibarua cha wiki mbili. Kosa langu, mzaliwa wa huku, kusahau kwamba msimu ukianza kila mtu ana shamba kwanza.

Tukafunga turubai. Usiku wa mvua ya kwanza ya Novemba maji yakajaa katikati, likatuna kama tumbo la mjamzito, kamba ikakatika. Godoro, kabati la vyombo, na mifuko minne ya simenti niliyoipanga ukumbini kwa kujiona mjanja. Wiki haikuisha yote imekuwa mawe, mikunjo ya mfuko bado inaonekana. Moja liko mlangoni hadi leo, tunalikalia jioni.

Fundi alirudi Desemba na kilo mbili za korosho za zawadi. Tukapaua kwa kuviziana na mvua.

Kwa hiyo anza Juni, masika yamekwisha na mafundi wako mjini. Bati hata moja lisishuke kabla mapya hayajawa uani kwako, yamehesabiwa, na kofia zake na misumari yake. Usikubali kuambiwa "yako njiani". Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara kule Somanga, vilivyokuwa njiani kutoka Dar vilibaki njiani. Na ezua upande mmoja, uupaue, ndipo uhamie wa pili, hata fundi akinuna.

Umeme uzimwe kabla mtu hajapanda juu. Watoto wasipite chini ya kenchi. Misumari ya zamani iokotwe siku hiyohiyo, na mabati uliyoyashusha uyahesabu kabla ya jua kuzama, maana asubuhi huwa pungufu.