Akiba ya ubongo kwa wazazi wetu: anzeni na masikio

Juzi nilikuwa namsaidia jirani kumpangia mama yake ratiba ya kutunza akili nikaona niiandike, maana familia nyingi zinakimbilia vidonge vya kumbukumbu vya dukani. Hela hiyo wekeni kwenye masikio ya mzee.

Kwanza tuelewane. Kuna utafiti ulianza 1986 kule Marekani ukiongozwa na mtafiti David Snowdon, masista 678 walikubali ubongo wao uchunguzwe wakishafariki, na wapo waliokutwa na uharibifu mwingi wa Alzheimer, ule ugonjwa unaokula kumbukumbu, ila mpaka mwisho walikuwa na akili zao timamu. Hiyo ndo akiba ya ubongo, uwezo wa ziada unaoufanya uendelee na kazi hata ukiharibika. Haiponyi ugonjwa, inachelewesha dalili.

Hatua ya 1: pima presha, sukari na kolesteroli, na dawa zimezwe kila siku.

Hatua ya 2: masikio. Mzee asiyesikia vizuri anaanza kujitenga, ukimwuliza kitu anaitikia tu, ubongo unakosa mazungumzo. Ripoti ya jarida la Lancet ya 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia mtu kupoteza kumbukumbu na akili uzeeni ila yanaweza kurekebishwa, na kupungua usikivu kuko juu kabisa pamoja na kolesteroli mbaya. Anza na nta ya sikioni. Kijiti cha pamba hapana, kinaisukuma ndani zaidi, mpeleke kwa daktari wa masikio, saa nyingine nta ikitolewa tu shida imeisha. Isipoisha apimwe usikivu avalishwe mashine ya kusikia. Sasa mashine nyingi zinaishia kabatini kwa sababu siku ya kwanza mzee anavaa anapelekwa harusini, kelele zote zinamwingia kwa mpigo, akirudi haitaki tena. Anza sebuleni TV imezimwa, mtu mmoja anaongea naye kwa muda wa saa moja au mbili, halafu ongeza kila siku. Ikipiga mluzi mara nyingi haijakaa vizuri sikioni. Betri zile zenye kikaratasi, ukibandua subiri dakika kadhaa ndo uweke, na usibandue za akiba maana zinaanza kuisha hata hazijatumika. Mkiwa pwani unyevu unaziua sana hizi mashine, usiku toa betri, mashine ilale kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Akisema sauti yake mwenyewe inavuma msimwambie avumilie, mrudisheni kwa fundi aliyempimia airekebishe, hata mara tatu.

Hatua ya 3: mpe kitu kigumu, kipya, chenye watu. Gemu za simu mimi sizipendi, anacheza peke yake. Bao la kete ni bora mara kumi, kete 64, lazima uhesabu zitakapoishia na huku mnabishana. Bibi anayejua kusuka ukili mpe mtindo asioujua, au amfundishe mjukuu.

Hatua ya 4: atembee kila siku mpaka apumue kwa kasi kidogo.

Akianza kupotea njia anayoijua miaka yote, hospitali. Na akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku chache, nendeni siku hiyohiyo, inaweza kuwa maambukizi au dawa mpya aliyoanzishwa, na hayo yanatibika.