Somo: Word ikiandika "Unlicensed Product", usikimbilie kununua ufunguo

Assalam aleykum wanachama.

Muhula ukikaribia kufungwa, hapa Langoni, Lamu, huwa ni mtindo mmoja: mwalimu anaingia na laptopu kwapani, ripoti za darasa zima zimo ndani, na juu ya Word, kando ya jina la faili, pameandikwa "Unlicensed Product". Vitufe vimefifia, akiandika hakuna herufi inayotokea. Swali lake la kwanza ni bei ya ufunguo mpya, yaani zile herufi 25 za kuwashia leseni. Mara nyingi ufunguo hauna kosa lolote.

Kwanza tulizaneni. Faili zenu hazijapotea. Office, yaani kifurushi chenye Word, ikikosa leseni bado hufungua nyaraka na kuzichapa, inachozuia ni kuhariri. Kama ripoti imeshakamilika na mwalimu mkuu anaingoja, ichape, kisha urudi kwenye somo hili bila haraka.

Hatua ya 1: tazama saa

Ndiyo, saa, pale chini kulia. Office inapozungumza na seva za Microsoft hukaguana vyeti vya usalama, na vyeti hivyo vina tarehe. Kompyuta inayodhani iko miaka mitano nyuma itavikataa, nawe utaona namba ya kosa isiyotaja saa hata kidogo. Nenda Settings, kisha "Time & language", kisha "Date & time". Washa "Set time automatically", bonyeza "Sync now", na hakikisha eneo la saa ni Nairobi, UTC+03:00.

Kompyuta ya mezani ikipoteza saa kila umeme ukikatika, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha, ile ya mviringo iliyoandikwa CR2032. Unapoibadilisha chungulia na kishikio chake. Hewa ya chumvi ya hapa kwetu hukila kikaota ukungu wa kijani, na hapo hata betri mpya haishiki. Zima, chomoa waya, sugua taratibu kwa kitambaa kikavu, ndipo uweke mpya.

Hatua ya 2: intaneti iliyo kamili

Bando la WhatsApp pekee halitoshi. Ujumbe utaingia na kutoka, nawe uape kwamba mtandao upo, kumbe laptopu haifiki kwenye seva za leseni. Fungua tovuti yoyote nyingine kwenye brauza uone. Ukipata kosa 0x80072EE7 au 0x8004FC12, shuku mtandao kabla ya kushuku leseni: zima VPN (njia ya siri ya kupitishia mtandao), angalia kama kuna proksi, yaani seva ya kati, iliyobaki kwenye mipangilio kutoka ofisini ulikotoka (Settings, "Network & internet", "Proxy"), kisha ujaribu kwa hotispoti ya simu.

Wenye Microsoft 365 wajue pia kwamba programu hii hutaka kuonana na seva zake angalau mara moja kwa mwezi. Laptopu iliyokaa Kiwayu muda mrefu bila mtandao italalamika hata kama malipo yako sawa. Ipe intaneti, fungua Word, bonyeza File kisha Account, subiri kidogo.

Hatua ya 3: jua leseni yako ni ya kabila gani

Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ndipo watu wanaporuka. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator". Kisha andika mistari hii miwili, mmoja mmoja:

cd "C:\Program Files\Microsoft Office\Office16"
cscript ospp.vbs /dstatus

Ikisema folda haipo, jaribu "C:\Program Files (x86)\Microsoft Office\Office16". Namba 16 isikutishe, hata Office 2019 na 2021 hukaa humo.

Soma mstari wa LICENSE DESCRIPTION. Ukiona neno RETAIL, hiyo ni Office ya kununuliwa dukani, ya mtu binafsi. TIMEBASED_SUB ni ya kulipia kwa mwezi au mwaka. VOLUME_MAK au VOLUME_KMSCLIENT ni leseni za taasisi: wizara, chuo, shirika. Chini yake pana LICENSE STATUS. "LICENSED" ni salama, "NOTIFICATIONS" maana yake muda umekwisha. Kuna pia herufi tano za mwisho za ufunguo, ziandike pembeni. Microsoft 365 ya siku hizi pengine isionyeshe ufunguo wowote hapa, na hilo si kosa, kwa sababu leseni yake inafuata akaunti. Basi tazama File, Account: pale pameandikwa "Belongs to" na barua pepe. Je, ni barua pepe yako, au ya kazi uliyoacha zamani?

Sasa wale walionunua laptopu zilizotumika Ulaya, "Office imo tayari", nawasihi wasome hapa mara mbili. Ukikuta VOLUME_KMSCLIENT, leseni hiyo hudumu siku 180 tu, kisha lazima kompyuta ionane tena na seva ya taasisi yenye leseni. Wewe uko Mkomani, taasisi hiyo huijui wala haikujui. Aliyekuuzia aliacha masalio ya mwenyewe wa kwanza, au aliiwasha kwa ujanja. Siku zikitimia leseni itakwisha, na hakuna ufundi wa halali wa kuiamsha. Mrudie muuzaji ungali na risiti.

Hatua ya 4: ondoa Office ya pili

Laptopu mpya nyingi huja na Microsoft 365 ya majaribio ya mwezi mmoja. Mtu ananunua Office 2021, anaiweka juu yake, na zote mbili zinagombania mlango mmoja. Majaribio yakiisha, onyo linatokea ingawa 2021 imelipiwa. Nenda Settings, "Apps", "Installed apps", ondoa ile usiyoilipia, washa upya. Ufunguo wa zamani ukibaki kwenye orodha ya hatua ya 3, uondoe kwa cscript ospp.vbs /unpkey: ukifuatisha zile herufi tano bila nafasi. Halafu cscript ospp.vbs /act. Mpaka hapa wengi wamepona.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, Faza: Fundi, mimi napata 0xC004F074. Laptopu ni ya mradi, nilipewa kazini. Saa iko sawa na intaneti ninayo.

Jibu: Maalim, namba hiyo inasema kompyuta haikuipata seva ya leseni ya taasisi, ile ya KMS. Intaneti ya kawaida haisaidii, inatakiwa mtandao wa ofisi yenyewe au VPN yao. Mpigie mtu wao wa kompyuta, umsomee namba. Usiibadilishe Office ya mali ya watu.

Mwenye saiba, Mokowe: Kuna kijana ananiletea kwenye fleshi kitu cha kuwasha Office zote, bure, dakika mbili. Ubaya wake ni nini kama kinafanya kazi?

Jibu: Kaka, alikwambia uzime antivairasi kwanza, siyo? Baada ya hapo hujui nini kimeingia. Wateja wako wanakaa kwenye viti hivyo wakiandika nywila za eCitizen (huduma za serikali) na KRA (kodi). Siku ya kuibiwa mtu, mlango utakaogongwa ni wako. Weka LibreOffice, programu nyingine ya kuandikia kama Word, ipo tangu 2011, ni bure kihalali na haina ufunguo. Ndani ya mipangilio yake chagua ihifadhi kwa muundo wa .docx, na uhakikishe fonti za Carlito na Caladea zimo, maana ndizo zenye upana sawa na Calibri na Cambria. Zisipokuwepo, CV ya ukurasa mmoja itamwagika hadi wa pili.

Katibu wa madrasa, Shela: Nilifomati kompyuta. Nikiingiza ufunguo ule ule wa kwenye kadi, naambiwa umeshatumika. Tulilipa pesa za msikiti!

Jibu: Bi katibu, pesa hazijapotea. Kwa Office za nyumbani, zile herufi 25 huingizwa mara moja tu, zikafungwa kwenye akaunti. Tangu hapo ufunguo wako ni barua pepe. Ingia account.microsoft.com kwa barua pepe iliyotumika siku ya kwanza, fungua "Services & subscriptions", uipakue upya kutoka hapo. Kama aliyeiweka ni fundi na alitumia barua pepe yake mwenyewe, mtafuteni mapema.

Mwenye saiba, Mokowe: Na 0xC004C003?

Jibu: Ufunguo umezuiwa na Microsoft. Kama ulinunua kwa bei ya kutupa mtandaoni, dai pesa zako.

Mwanafunzi, Siyu: Nimesikia Office 2019 imefikia mwisho. Itazimika?

Jibu: Haizimiki. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea masasisho ya usalama, pamoja na Office 2016. Utaendelea kuandika. Ila faili za watu usiowajua usizifungue ovyo.

Mama wa biashara, Mkunguni: Kaka yangu yuko Malindi na ana Microsoft 365 Family. Ameniambia atanipa nywila yake.

Jibu: Dada, nywila abaki nayo, asije akachanganya barua zake na ankara zako. Mpango huo unachukua hadi watu sita. Aingie kwenye akaunti yake, abonyeze sehemu ya kushirikisha, akutumie mwaliko kwa barua pepe yako. Ukikubali, kwenye Word nenda File, Account, toka kwenye akaunti yoyote iliyomo, kisha ingia kwa yako.