Somo: Kupanga sentensi zilizochanganywa ziwe aya yenye mtiririko

Kila mitihani ikikaribia naulizwa jambo hilihili na wazazi na vijana wa twisheni hapa Moshi: "Mwalimu, sentensi ya kwanza naijuaje?" Naliandika jibu lote hapa. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Tutumie mfano huu:

1. Akashusha mkungu wake na kumlipa kondakta nauli.
2. Kwa fedha hizo alinunua unga, sabuni na madaftari ya watoto.
3. Mama mmoja wa Marangu alipanda daladala akiwa na mkungu wa ndizi.
4. Alipoufikisha sokoni, ulinunuliwa mara moja.
5. Gari hilo lilipofika Moshi, aliteremka karibu na soko la Mbuyuni.

Hatua ya 1. Soma maelekezo, kisha soma sentensi zote kabla ya kushika kalamu.

Hatua ya 2. Tafuta sentensi isiyodai kitu kutoka kwa nyingine. "Mama mmoja" anatajwa kwa mara ya kwanza, basi 3 inaanza. Hizo nyingine zote zinadai: 5 ina "hilo", 2 ina "hizo", 4 ina "-u-" ya kitu ambacho hakijatajwa, na 1 ina "-ka-", ambayo hufuata tendo lililotangulia.

Hatua ya 3. Tengeneza jozi kwanza, mstari mzima baadaye. "Gari hilo" ni ile daladala: 3-5. Aliteremka, akashusha: 5-1.

Hatua ya 4. Hapa ndipo alama zinapopotea, someni polepole. Wengi wakiona "fedha hizo" wanaikimbilia "nauli" ya sentensi ya 1, kwa kuwa nauli nayo ni fedha. Wanaandika 3-5-1-2-4. Ubaya ni kwamba sarufi haiwazuii. "Nauli" na "fedha" zote ni ngeli ya I-ZI. Na sentensi ya 4 ikija mwisho, "u-" ya "ulinunuliwa" inaweza kuushika hata unga! Mtoto anasoma, anasikia panapatana, anafunga karatasi. Lakini nauli imeshatoka mkononi mwa mama na kuingia kwa kondakta. Hawezi kununulia kitu. Na unga ndio kwanza ameununua kwa matumizi ya nyumbani, aupeleke sokoni kuuza kwa nini? Fedha zilizoingia ni za mkungu, ingawa neno "mauzo" halijaandikwa popote. Kwa hiyo 4 inatangulia 2, na mpangilio ni 3-5-1-4-2.

Onyo: upatanisho wa ngeli unakuonyesha ni nini *kinaweza* kurejelewa. Ni nini *kinarejelewa* utakijua kwa kuuliza nani katoa, nani kapokea, nini kimetangulia kutokea. Onyo jingine: "hizo" au "hiyo" huweza kurejelea tukio zima, si lazima nomino iliyo karibu.

Hatua ya 5. Isome kwa sauti.

MASWALI

Mzazi wa Njiro: Kwa hiyo kanuni ni kwamba yenye "hatimaye" ni ya mwisho na yenye "kwanza" ni ya kwanza?

Jibu: Hapana. "Kwanza" huweza kuja ya pili, baada ya "Alikuwa na mambo mawili ya kufanya."

Kijana wa Sakina: Mwalimu nipe jibu tu, namba 1 ni A?

Jibu: Namba 1 ni C, kwa sababu ni ya tatu katika habari. Hatua ya 1 inasema soma maelekezo. Mtihani ukikutaka *uzipe* sentensi herufi kulingana na mpangilio, 3 ndiyo A. Ukikutaka uandike mfuatano, unaandika 3-5-1-4-2. Ni kazi mbili tofauti.

Mama wa Pasua: Shikamoo mwalimu. Habari za namna ya kutengeneza kitu hazina "-ka-". Hapo mtoto ashike nini?

Jibu: Marahaba mama, asante kwa swali zuri. Habari hizo hutumia "hu-", isiyoonyesha nafsi wala wakati. Afuate viambishi vya kitu na "-kisha-". Chukua kahawa: "Mkulima huchuma buni nyekundu. Kisha huzimenya kwa mashine. Zikishamenywa, huloweshwa ili utelezi utoke. Zikishasafishwa, huanikwa kwenye vichanja." Kila "zikisha-" inataja hatua iliyokwisha, kwa hiyo inaonyesha jirani yake wa juu. Ila "zikishasafishwa" inadai ujue kwamba kulowesha ni sehemu ya kusafisha. Mtoto aliyewahi kuona kahawa ikimenywa ana nafuu hapo, kwa hiyo waulizeni babu na bibi zao.

Mwalimu wa Kiboroloni: Wanafunzi wangu hupanga kwa miaka, mdogo kwanza. Nawarekebishaje?

Jibu: Wape hii ya vyama vya wakulima wa kahawa, mwenzangu: "KNCU ilianzishwa mwaka 1933. Kabla ya hapo, wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na KNPA, iliyoundwa mwaka 1925." Mwaka 1925 ni wa zamani zaidi, lakini "kabla ya hapo" haiwezi kukaa mbele. Waambie miaka ni ya matukio, na sisi tunapanga maelezo.

Mama wa Pasua: Na mbona 5 inasema "gari hilo" badala ya "daladala hiyo"?

Jibu: Watunzi hubadilisha neno makusudi, wanaweka jina la jumla badala ya lile mahususi: daladala inakuwa gari, mkungu unakuwa mzigo, mama anakuwa mkulima. Mtoto anayetafuta neno lilelile lijirudie atakwama.

Mwalimu wa Kiboroloni: Mimi nakata aya za gazeti kwa mkasi, sentensi mojamoja, wanazipanga mezani kwa makundi.

Jibu: Endelea hivyohivyo. Na ukiweza, tia sentensi moja ya aya nyingine, waitafute na waeleze kwa nini haikai. Kundi likileta mpangilio tofauti na wa gazeti, wasikilize kwanza, maana aya nyingine hukubali mipangilio miwili.